Muulize Fundi wa Sauti: Niongeze sabufa kwenye stereo yangu au niache?

Safari hii barua nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechukua moja yenye maelezo ya kutosha nikaijibu kwa kirefu, zingine ziko huko chini na majibu yake ni mafupi maana nusu ya jibu utakuwa umeshaisoma hapa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nina stereo ya kawaida tu, amplifaya ya chaneli mbili na spika mbili ndogo za kuweka kwenye stendi, zile zenye koni ya inchi 5, na nazipenda kweli, mwimbaji anasikika kama amesimama mbele yangu. Shida ni besi. Nikisikiliza rege au jazi yenye kontrabesi, lile fidla kubwa la kusimama nalo, naona kabisa kuna kitu hakipo, hasa jioni nikiwa nimepunguza sauti maana watoto wamelala. Chumba ni kama mita 5 kwa 4, spika ziko kwenye ukuta mfupi, kochi liko katikati ya chumba. Rafiki yangu mmoja anasema ongeza sabufa umalize kazi, mwingine anasema sabufa ni ya sinema na kwenye muziki inaharibu kila kitu, nitaishia kusikia duu-duu tu. Halafu amplifaya yangu haina tundu la sabufa kule nyuma. Nimsikilize nani? Na kama ni kununua ninunue ya aina gani? (Msikilizaji wa Jioni)

JIBU: Marhaba. Rafiki zako wote wawili wana ukweli kidogo, ila hakuna aliyekuuliza kochi lako liko wapi, na mi ndo ningeanzia hapo kabla ya kuongelea kununua chochote. Ngoja kwanza tuone kinachokosekana ni nini.

Sikio la binadamu linasikia kuanzia kama 20 Hz hadi 20,000 Hz (Hz ni masafa, yaani hewa inatetemeka mara ngapi kwa sekunde, namba ndogo ndo besi), na spika yenye koni ya inchi 5 kwa kawaida inaanza kuchoka kwenye 60 au 50 Hz hivi, chini ya hapo inaporomoka haraka. Sasa angalia vyombo. Waya mnene wa besi gitaa ya nyuzi 4 ukipigwa wazi unatoa 41 Hz, kontrabesi hivyohivyo. Besi ya nyuzi 5 inashuka hadi 31. Noti ya mwisho kabisa kushoto kwenye piano ni 27.5. Kwa hiyo unaposema kuna kitu hakipo hujidanganyi, hakipo kweli. Kinachokuokoa ni kwamba noti ya 41 Hz haiji peke yake, inakuja na wenzake wa juu, 82, 123, 164 na kuendelea, hao spika yako inawatoa bila shida na ubongo ukiwasikia unamjazia yule wa chini mwenyewe, ndo maana hata kwenye simu mtu anaweza kufuata mstari wa besi na kuuimba. Unaufuata, sawa, ila kifuani haufiki.

Na sio kwamba spika yako ni mbovu. Kila ukishuka oktavu moja, yaani ukikata masafa nusu, koni inabidi itembee mara 4 zaidi ili sauti ibaki na ukubwa uleule. Koni inayotembea milimita 2 kwa 60 Hz itatakiwa itembee 8 kwa 30 Hz, na koni ya inchi 5 nafasi hiyo haina. Ukiilazimisha kwa kufungua kitufe cha besi hadi mwisho itaanza kukoroma na amplifaya itatoa jasho kwa kazi isiyo na faida, kwa hiyo hilo usifanye.

Halafu umesema shida inazidi jioni ukipunguza sauti. Hapo aliyebadilika sio spika, ni sikio. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walishapima jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio letu linakuwa zito zaidi kwenye besi kuliko kwenye sauti za katikati, kwa hiyo ukishusha volyumu besi ndo inayopotea kwanza wakati mwimbaji bado anasikika vizuri tu. Kama amplifaya yako ina kitufe kimeandikwa loudness, kazi yake ndo hiyo, kunyanyua besi wakati wa sauti ndogo, kibonyeze jioni na ukizime ukiongeza sauti. Wapo wanaokidharau hicho kitufe eti kinachafua muziki, mi sioni kosa lake hata kidogo, kiliwekwa kwa sababu ya maana. Ikitosha, umemaliza bila kutumia hata senti.

Haya, turudi kwenye kochi. Wimbi la 40 Hz lina urefu wa zaidi ya mita 8, chumba chako kina 5, kwa hiyo besi haisafiri humo kama sauti nyingine, inagonga ukuta inarudi inakutana na yenyewe, sehemu nyingine inajikuza, sehemu nyingine inajifuta. Hesabu ya kujua ni masafa gani yanafanya hivyo ni rahisi, chukua kasi ya sauti ambayo ni kama mita 343 kwa sekunde ugawe kwa urefu wa chumba mara mbili. Kwa mita 5 unapata 34 Hz, na nyingine inayofuata ni 69. Sasa ukikaa katikati kabisa ya urefu wa chumba, hapo ndipo 34 inapojifuta, na hapohapo 69 inavimba. Yaani kiti chako kinakunyima besi ya chini kabisa na kukuzidishia ile ya juu yake kidogo, ambayo ndo watu wanaiita duu-duu. Na upana pia una yake, mita 4 zinatoa 43 Hz, na bila shaka hapo napo umekaa katikati ya spika kushoto na kulia, kama inavyotakiwa, kwa hiyo 43 nayo inajifuta.

Unaona sasa hatari iko wapi. Ungemsikiliza rafiki wa kwanza ungenunua sabufa nzuri inayofika 25 Hz, ukaiweka, ukakaa palepale, na ile 34 ungeendelea kuikosa hata kama sabufa inaitoa kwa nguvu zote, afu ungeongeza volyumu ya sabufa kutafuta kisichopo, 69 ikazidi kuvimba, na mwisho ungekubaliana na rafiki wa pili kwamba sabufa inaharibu muziki. Mlolongo huo nimeuona kwa watu wengi mno na karibu kila mara lawama wanaitupia sabufa.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi, ni bure. Weka wimbo wenye besi inayotembea, noti juu noti chini, sio ule wa noti moja inayojirudia. Simama, tembea taratibu kutoka katikati ya chumba kuelekea ukuta wa nyuma, kichwa kiwe usawa wa mtu aliyekaa. Utasikia besi inabadilika, ukikaribia ukuta itajaa sana. Tafuta sehemu ambayo noti zote zinatoka sawasawa, watu wengi huishia kama mita 1.9 kutoka ukuta wa nyuma kwa chumba chenye urefu kama wako, kochi lihamie hapo. Halafu cheza na spika zenyewe, zisogeze karibu na ukuta wa nyuma yake kwa sentimita kumi kumi. Ukuta unarudisha besi mbele na unaweza kukuongezea hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kule chini, ila usizisukumie kwenye kona maana itakuwa nyingi na chafu. Spika ikikaa mita 1 kutoka ukutani, sauti inayorudi kutoka ukuta huo inapunguza eneo la 86 Hz hivi, na hapo ndipo penye nyama ya besi, kwa hiyo hata sentimita 40 za kusogeza zinabadilisha mambo.

Ukitaka uhakika zaidi, pakua programu yoyote ya simu inayotoa toni tupu, iunganishe na amplifaya, anza 100 Hz shuka taratibu, 80, 60, 50, 40. Volyumu iwe ndogo, na zikianza kupotea USIONGEZE, koni ndogo inaweza kuumia bila hata kupiga kelele ya kukuonya. Andika ni wapi sauti inaanguka na wapi inavimba. Ikianguka kabisa chini ya 55 popote unapokaa, hiyo ni spika imefika mwisho. Ikianguka kwenye 70 ukiwa kiti hiki na kurudi ukihamia kiti kile, hicho ni chumba, na hicho sabufa haitakitibu.

Baada ya yote hayo, kama kochi limehama, spika zimekaa vizuri, na bado kontrabesi haina tumbo, basi jibu langu ni ndio, nunua. Kwa mtu mwenye spika nzuri ndogo anazozipenda ningesema sabufa ni njia bora kuliko kuzibadilisha kwa spika ndefu za kusimama, maana spika ndefu zinatoa besi kutoka pale zilipo, na pale zilipo ni pazuri kwa sauti ya mwimbaji ila mara nyingi ni pabaya kwa besi. Sabufa unaiweka popote chumba kinapoikubali. Chini ya 80 Hz sikio halijui vizuri sauti inatoka upande gani, ndo maana 80 ikawa ndo namba ya kawaida ya kugawia kazi kati ya spika na sabufa kwenye mifumo ya sinema ya nyumbani, na moja inatosha kwa chaneli zote mbili.

Huyu rafiki wa pili tusimdharau lakini. Anachokisema kinatokea kweli, kinatokea pale mtu anapoweka sabufa kubwa kuliko chumba, akaipa volyumu ili isikike kwamba ipo, afu krosova, kile kitufe cha kuchagua sabufa iishie Hz ngapi, akaiacha 120. Kwenye 120 tayari kuna sauti ya mwanaume anayeimba humo, kwa hiyo utamsikia mwimbaji nusu yuko mbele nusu yuko kwenye kona, na hapo lazima uchukie.

Ya kununua sasa. Chumba chako hakihitaji dubwana. Inchi 8 au 10, yenye amplifaya yake ndani, na kwa muziki wa sauti ndogo jioni mi ningechagua boksi lililofungwa kuliko lenye tundu la kupitisha hewa. Lenye tundu linakupa besi nyingi zaidi karibu na masafa ya lile tundu, afu chini ya hapo linaanguka ghafla, desibeli 24 kwa oktavu, lililofungwa linaanguka taratibu, 12 kwa oktavu, na kwa kuwa ukuta wa chumba kidogo unaongeza besi kule chini kabisa, mteremko huo wa taratibu unafidiwa vizuri. Pia ni dogo, linajificha pembeni ya kochi. Wati zisikusumbue sana, wati mara mbili zinakuongezea desibeli 3 tu, na ili sauti isikike imekua mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Angalia badala yake kama ina krosova inayoshuka hadi 50 au chini zaidi, kama ina kitufe cha fezi (cha kugeuza koni isukume wakati mmoja na spika au kinyume chake), na kama ina matundu ya kuingizia waya za spika.

Hilo la mwisho kwako ndo muhimu kuliko yote kwa sababu amplifaya haina tundu la sabufa. Sio kikwazo. Sabufa nyingi za muziki zinapokea waya kutoka kwenye terminali zilezile spika zilipofungwa, spika zinabaki pale na sabufa inafungwa juu yake. Haili nguvu ya amplifaya, inachungulia tu mawimbi, nguvu inatumia ya kwake kutoka kwenye plagi. Zima kila kitu kabla ya kugusa waya. Na kama amplifaya yako ni ya klasi D soma kitabu chake kwanza au uulize aliyekuuzia, kwenye baadhi ya hizo terminali nyeusi sio ardhi kama ulivyozoea na kuifunga waya wa sabufa vibaya kunaweza kuiunguza. Kama ina tundu limeandikwa pre out hilo nalo linafaa sana. Lile la rec out au tape out achana nalo, halifuati kitufe cha volyumu, utashusha muziki na sabufa itaendelea kunguruma vilevile.

Kuipanga ndo kazi yenyewe, tenga mchana mzima. Weka sabufa juu ya kochi, ndio, pale unapokaa, piga wimbo uleule wa besi inayotembea, afu piga magoti uzunguke kandokando ya kuta kichwa kikiwa chini. Familia itakucheka, waache wacheke. Popote utakaposikia noti zote ziko sawa, hakuna iliyovimba hakuna iliyopotea, hapo ndipo sabufa inapokaa, kwa sababu safari ya sauti kutoka A kwenda B ni ileile kutoka B kwenda A. Kona itakupa besi nyingi kuliko sehemu zote, usiikimbilie kwa sababu hiyo.

Krosova ianzie 55 hivi, kwa sababu spika zako zitaendelea kupiga kila kitu na sabufa inatakiwa iingie pale zinapoishia, sio juu yake. Fezi, piga toni ya 55 ukiwa umekaa, mtu mwingine abadilishe 0 na 180, chagua upande unaotoa sauti kubwa zaidi, maana ule mdogo unamaanisha spika na sabufa zinasukumana. Volyumu anza sifuri, panda taratibu hadi uigundue, afu rudisha nyuma kidogo. Kisha sikiliza siku kadhaa bila kugusa kitu. Jaribio langu la mwisho ni kuizima katikati ya wimbo: ukiona chumba kimekuwa kidogo ghafla na mpiga kontrabesi amekonda, imekaa sawa, lakini kama kuizima kunakupa nafuu ujue ulikuwa umeizidisha.

SWALI: Habari fundi, mimi spika zangu ni ndefu za kusimama, kila moja ina koni mbili za inchi 6 na nusu, kwenye kitabu wameandika zinashuka hadi 35 Hz. Nasikiliza muziki tu, hip-hop na nyimbo za zamani. Naona watu wote wana sabufa, na mimi niongeze? (Mpenda Midundo)

JIBU: Nzuri. Kwanza angalia kama hiyo 35 imeandikwa na desibeli pembeni. 35 Hz kwa minus 3, yaani hapo sauti imepungua desibeli 3 tu, ni kitu kizuri sana, 35 kwa minus 10 ni kama nusu tu ya sauti inayotakiwa, na 35 isiyo na chochote pembeni ni maneno ya biashara. Kama ni minus 3 kweli, mi nisingeongeza, labda kwa zile besi za kompyuta za hip-hop zinazoshuka 30 na chini zaidi, na hapo ni starehe, sio pengo. Kwamba watu wote wanayo sio sababu. Hiyo hela ningeiweka kwenye zulia zito na mapazia, chumba kitatulia.

SWALI: Fundi, nimeunganisha tivii na amplifaya yangu ya stereo, filamu zinasikika vizuri sana ila milipuko haina uzito kabisa. Nilidhani sauti ya filamu ina besi yake maalum, inaenda wapi? (wa Kochi la Nyuma)

JIBU: Ipo kweli, ni ile .1 kwenye 5.1, chaneli peke yake ya mishindo inayoishia 120 Hz. Tatizo ni kwamba tivii ikikandamiza chaneli zote ziwe mbili, hiyo mara nyingi inaachwa nje kabisa, haichanganywi. Kwa hiyo hata ukiongeza sabufa kwenye stereo yako utapata besi iliyokuwemo kwenye chaneli kuu, ambayo sio kidogo, lakini ile ya mishindo bado hutaipata. Kama filamu ndo kitu chako hasa, unahitaji resiva ya sinema yenye tundu la sabufa. Kwenye muziki wa stereo hakuna chaneli ya siri ya aina hiyo, kila kitu kiko kwenye hizo mbili.

SWALI: Shikamoo. Naishi ghorofani, jirani wa chini ameshanigongea mlango kwa ajili ya sabufa. Nimeambiwa kuna mito ya kuweka chini yake inazuia sauti isipite. Je inafanya kazi au nitatupa hela? (Dada wa Ghorofani)

JIBU: Marhaba dada. Inafanya nusu ya kazi. Besi inamfikia jirani kwa njia mbili, kwanza boksi linatikisa sakafu moja kwa moja, na hiyo mito inaipunguza vizuri. Ya pili ni hewa ya chumba inayosukuma kuta na sakafu, na hiyo mito haiigusi. Ukuta unazuia sauti kulingana na uzito wake, na kila ukishuka oktavu moja unapoteza kama desibeli 6 za kizuizi, ndo maana jirani hasikii mwimbaji wala gitaa, anasikia duu-duu peke yake, na ndo maana anakasirika kuliko angekuwa anasikia wimbo mzima.

Njia ninayoipenda ni kuisogeza sabufa karibu na wewe kabisa, nyuma au pembeni ya kochi, mita moja hivi. Ukiwa karibu nayo unahitaji volyumu ndogo zaidi ili usikie kilekile, na jirani anapokea pungufu. Usiiweke kwenye kona. Na usiku izime tu, ongea na jirani mkubaliane saa, halafu siku moja shuka kwake yeye akiwa anasikiliza na wewe nyumbani mtu anapandisha taratibu, ujue mpaka uko wapi. Kama hata kwa volyumu ndogo bado inapita, kwa nyumba hiyo sabufa sio yako, spika ndogo na kitufe cha loudness vitakutosha.

SWALI: Nimeongeza sabufa yenye tundu kwenye mfumo wangu wa santuri na sasa koni yake inacheza mbele na nyuma yenyewe hata wimbo ukiwa umenyamaza, sauti hakuna. Imeharibika? (Mzee wa Santuri)

JIBU: Haijaharibika mzee wangu. Sahani ya 33 na theluthi inazunguka mara moja kwa kila sekunde 1.8, na ikiwa imejipinda kidogo tu inanyanyua na kushusha sindano, amplifaya inayachukulia mawimbi hayo kama besi, ni Hz chache sana, hakuna anayeyasikia ila koni inayatii. Na sabufa yenye tundu chini ya masafa ya lile tundu lake haina breki, hewa ya ndani haiishikilii tena koni, kwa hiyo inaweza kutembea hadi ikagonga. Inakula nguvu bure na inachafua besi ya kweli.

Dawa yake ni kichujio cha chini kabisa, kwenye fono pre nyingi (kile kifaa cha kukuza mawimbi ya sindano kabla ya amplifaya) kimeandikwa subsonic au rumble, kinakata kuanzia 20 Hz hivi kushuka, kiwashe na kikae hivyo. Pia ondoa tantebo, yaani mashine ya kuchezea santuri, kwenye meza moja na sabufa. Ukipandisha volyumu ukasikia mngurumo unaojikuza wenyewe, ni sabufa inatikisa sindano, sindano inairudishia sabufa, na hapo shusha haraka. La kukufariji ni kwamba kwenye santuri besi kwa kawaida huchongwa mono, yaani kushoto na kulia ni ileile, ili sindano isiruke, kwa hiyo sabufa moja haikupunguzii chochote.

SWALI: Moja kubwa ya inchi 12 au mbili ndogo za inchi 8 kwa hela ileile? Sebule yetu tunakaa watu wengi. (Bila jina)

JIBU: Mbili ndogo, na sababu ni hao watu wengi. Koni ya inchi 12 ina eneo mara 2.25 ya moja ya inchi 8, kwa hiyo kwa nguvu tupu ile kubwa inazishinda kidogo hata zikiwa mbili, ila nguvu ni mara chache ndo inayokosekana sebuleni, kinachokosekana ni usawa kati ya kiti na kiti. Todd Welti wa kampuni ya Harman alilifanyia kazi suala hili na kulitoa mwaka 2002, na sabufa mbili zikikaa katikati ya kuta mbili zinazotazamana zinapunguza sana zile tofauti za kiti kimoja kina besi kingine hakina. Kama ungekuwa msikilizaji mmoja kwenye kiti kimoja ningekwambia chukua moja na uipange vizuri. Mkiwa na programu ya kurekebisha chumba itumieni kupunguza pale panapovimba, palipojifuta msipajaze, mtaichosha amplifaya na shimo litabaki palepale.

SWALI: Sabufa mpya inanguruma mmmm muda wote hata bila muziki. Niirudishe dukani? (Mwenye Haraka)

JIBU: Subiri kwanza. Chomoa waya wa mawimbi, ule unaoleta muziki kutoka kwenye amplifaya, kwenye sabufa, acha umeme umewaka. Mngurumo ukibaki, sabufa yenyewe ina shida, irudishe. Ukinyamaza, ni mzunguko wa ardhi, ule umeme wa 50 au 60 Hz unaingia kupitia waya. Chomeka sabufa na amplifaya kwenye ekstensheni moja, na kama kuna waya wa antena au kebo ya tivii imeungana na mfumo ichomoe ujaribu, mara nyingi sana mkosaji ndo huyo. Ikishindikana kuna kitenganishi kidogo cha kuweka kwenye waya wa mawimbi. Ila ule mguu wa ardhi kwenye plagi usiukate, hata kama kuna mtu amekwambia ndo dawa, ule upo ili usife.